Kutoka Kambi hadi Mtaa: Makongolosi na Msamiati wa Makazi ya Dhahabu



Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 pamoja na marekebisho yake, mji mdogo katika Tanzania Bara hauna mitaa. Mji mdogo hugawanywa katika vitongoji. Mtaa ni mgawanyo wa halmashauri ya mji, manispaa na jiji. Makongolosi, iliyoko kaskazini mwa mji wa Chunya katika Mkoa wa Mbeya, ni mji mdogo. Kwa hiyo, mbele ya sheria, mkaazi wa Makongolosi haishi mtaani. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba sheria inayomnyima mtaa inaitwa sheria ya serikali za mitaa.

Mtu anaweza kusema kwamba hili ni suala la makarani na wala si la isimu. Mhadhara huu unashikilia kinyume chake. Jina la jumla ambalo makazi yanaitwa kwalo, liwe kambi, kijiji, kitongoji au mtaa, huamua ni kitu gani wakaazi wake wanaweza kukidai. Kambi haidai shule. Kambi haidai bomba la maji wala hati ya kiwanja, kwa sababu katika maana yake ya msingi kambi ni mahali ambapo watu wataondoka. Nchi ya dhahabu ya Lupa, ambamo Makongolosi imo, imeitwa kambi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, na historia ya ujirani wake ni historia ya watu waliojitwalia neno jingine kabla hawajapewa.

Mtaa wa pwani

Katika miji ya kale ya Waswahili, mtaa ulikuwa na mwenyewe. Mji wa Lamu uligawanyika katika Mkomani na Langoni, na mtu aliyetaja upande wake alikuwa amekwisha kutaja nusu ya nasaba yake, msikiti anakosali na jamaa anaoweza kuoa kwao. Mtaa wa namna hiyo haukupimwa na mpima ardhi. Mipaka yake ilikuwa katika vichwa vya watu na katika kuta za mawe, na mgeni aliyehamia humo alikaa mgeni kwa vizazi kadhaa. Neno kitongoji nalo lilikuwa na kazi yake: makazi madogo ya mashambani, nje ya mji. Kule Pemba, karibu na Chake Chake, Vitongoji ni jina la mahali hadi leo.

Maneno haya mawili yaliposafiri kwenda bara yalifika bila kuta na bila nasaba. Yalifika pamoja na karani, askari, mfanyabiashara na mwalimu. Bara ilibidi iyajaze maana upya, na kila sehemu iliyajaza kwa kadiri ya watu waliokusanyika hapo. Ndiyo sababu mtafiti wa Kiswahili anayetaka kujua mtaa ni nini hawezi kuishia Lamu na Unguja. Hana budi kwenda pia mahali ambapo hapakuwa na mwenyeji wa mji.

Kambi za Lupa

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, miaka michache tu baada ya Uingereza kuichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani. Dhahabu ya mwanzo ilikuwa ya mchanga wa mito, yaani dhahabu inayoweza kupatikana kwa karai, maji na uvumilivu, bila mtaji mkubwa. Katika miaka ya 1930 Lupa ilivuta wachimbaji wa Kizungu kutoka nchi nyingi, na Waafrika wengi zaidi walioajiriwa kuchimba na kuosha mchanga huo. Baadaye kazi ilihamia kwenye miamba, na migodi kama wa Saza ikachimbwa kwa mitambo. Vita Kuu ya Pili ilipunguza kasi hiyo, na hadi mwisho wa miaka ya 1950 uchimbaji mkubwa ulikuwa umekoma.

Ramani ya lugha ya eneo hilo inastahili kutazamwa. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kikimbu ni F24 na Kibungu ni F25. Lugha hizi ziko katika kundi moja na Kisukuma na Kinyamwezi. Kusini mwake Kisafwa ni M25 na Kinyiha ni M23. Mashariki, katika bonde la Usangu, kuna Kisangu ambacho ni cha kanda G. Maana yake ni kwamba Chunya iko pale ambapo kanda tatu za lugha za Kibantu zinakaribiana. Wakimbu na Wabungu ni watu wachache katika nchi kubwa ya miombo, na lugha zao hazikuwa na nguvu ya idadi ya kuwameza wageni waliokuja kwa maelfu. Mwana wa Rungwe hakujifunza Kikimbu alipofika machimboni. Alizungumza Kiswahili, na jirani yake aliyetoka Unyiha au Nyasaland akamjibu kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Mwaka 1930 ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kwa hiyo katika mwongo mmoja Kiswahili kilikuwa kikitengenezwa mahali pawili: mezani mwa Kamati, na kando ya mito ya Lupa. Kile cha mezani kina vitabu na kumbukumbu. Cha Lupa kimeacha majina.

Majina hayo bado yamo katika orodha ya kata za Wilaya ya Chunya. Pamoja na majina ya lugha za wenyeji, kama Ifumbo, Sangambi na Mtanila, kuna Chokaa, Bwawani, Mbugani, Lupa Tingatinga na Kambikatoto. Tingatinga ni neno la tanakali: mashine imeitwa kwa mlio wake, na mto ukaongezewa mashine katika jina. Kambikatoto lina mambo mawili yanayomhusu mwanaisimu. La kwanza ni neno kambi lenyewe, lililoganda ndani ya jina la mahali hata baada ya mahali hapo kuwa kata yenye watu wa kudumu. La pili ni kiambishi ka- katika katoto. Kiswahili sanifu kinatumia ki- kwa udogo, na ka- kimeachwa pembezoni kama kitu cha mzaha. Lugha nyingi za bara, hata hivyo, zinacho ka- cha ngeli ya 12 kikiwa hai na chenye wingi wake. Sikio la Unguja halikulichagua jina hilo.

Mbeya, au mtaa wa amri

Hapana budi kuitaja Mbeya, kwa sababu mji huo ni mtoto wa dhahabu ile ile. Ulianzishwa mwaka 1927, chini ya mlima Loleza, na katika miaka ya 1930 bidhaa, barua na watu wa Lupa walipitia hapo. Lakini Mbeya ulikuwa mji wa serikali, na serikali ya kikoloni ilikuwa na kanuni yake ya makazi: Wazungu mahali pao penye viwanja vikubwa, Wahindi katika eneo la maduka, Waafrika kwingine.

Kiswahili kiliipokea kanuni hiyo kwa mofolojia. Chukua mzizi -zungu, utangulize u- ya dhana na nchi, umalizie na -ni ya mahali: Uzunguni. Kwa kanuni hiyo hiyo utapata Uhindini. Majina yote mawili yapo Mbeya, kama yalivyopo katika miji mingine mingi ya Tanzania. Umbo hili ni la ajabu kidogo ukilitafakari. Halisemi “kwa Wazungu” kama mtu anavyosema “kwa Juma”. Linasema “mahali penye hali ya uzungu”, na hali inaweza kuhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Uhuru ulipofika, nyumba za Uzunguni zilichukuliwa na maofisa Waafrika na jina halikubadilika. Kigezo cha rangi kilitoka na cha cheo kikaingia. Uswahilini nako kulifuata njia hiyo hiyo kwa upande wa chini, hadi vijana wakalifupisha kuwa uswazi na kuliimbia nyimbo.

Mbeya ya leo, jiji lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 500,000 katika sensa ya 2022, inaweza kusomwa kama mwamba wenye matabaka. Tabaka la chini ni la majina yenye i-: Iyunga, Iwambi, Itiji, Isanga, Ilomba, Iganzo, Igawilo, Iziwa, Itagano. Lugha za nyanda hizi hutumia i- au li- katika ngeli ya 5, na majina ya mahali ya umbo hilo yametapakaa hadi Uhehe. Iringa yenyewe hutokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Hivyo vilikuwa vijiji, na mji ukavifuata huko huko vilikokuwa. Juu yake kuna Uzunguni, Uhindini na Majengo. Juu zaidi kuna Ghana, jina la nchi iliyopata uhuru mwaka 1957, na Soweto, lililosafiri kutoka Johannesburg. Wanaume wa nyanda hizi waliijua Johannesburg kabla ya kuwako redio za kuwasimulia, kwani wengi walikwenda migodini huko kwa mkataba wa chama cha kuajiri wafanyakazi ambacho wao walikiita Wenela. Na juu kabisa kuna majina ambayo hakuna mamlaka iliyoyapendekeza, kama Mama John.

Katika orodha ya kata za Chunya hakuna Uzunguni wala Uhindini. Ubaguzi ulikuwepo Lupa kama ulivyokuwepo Mbeya, lakini haukupata muda wa kujijengea mitaa. Dhahabu ilikuwa ikihama, na kambi zikahama nayo.

Marafiki wa rika moja

Ni kina nani waliogeuza kambi kuwa ujirani? Sehemu kubwa ya jibu inaelekea kusini, Unyakyusa, ambako vijana wengi wa miaka ya 1930 walikwenda Lupa kutafuta fedha. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kilieleza jambo lililowashangaza wasomi wengi: Wanyakyusa waliishi kwa vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa takriban miaka 10 walianza kujijengea vibanda kando ya kijiji cha baba zao, na kadiri walivyokua, vibanda vile vilikuwa kijiji chao, wakaoa humo na kuzeeka humo pamoja. Jirani hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtu wa rika lako. Tunu iliyosifiwa kuliko nyingine ilikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja katika mazungumzo, chakula na pombe, na mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Kijana aliyekulia katika mfumo huo hakuona ajabu kujenga kibanda kando ya kibanda cha mtu asiye wa ukoo wake. Alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni. Wachunguzi wengi wa miji ya migodi huanza na upungufu: hakuna ukoo, hakuna wazee, hakuna mila, basi kuna vurugu. Mtazamo huo unasahau kwamba baadhi ya wale waliofika walikuja na ufundi kamili wa kuishi bila ukoo. Baadaye walikuja wengine wenye ufundi mwingine, hasa Wasukuma walioshuka na mifugo yao tangu miaka ya 1970, na ng'ombe wakawa sehemu ya mazungumzo ya machimboni.

Duara, karasha, rashi

Uchimbaji wa wananchi uliporuhusiwa na kupata nguvu katika miaka ya 1980 na 1990, Chunya ilijaa tena. Msamiati wa wachimbaji wadogo ni wa nchi nzima, lakini unasomeka vizuri zaidi mahali watu wanapoishi nao kuliko katika ripoti.

Duara ni shimo la kuchimbia. Katika jiometri ni umbo. Machimboni ni mdomo wa shimo, kisha shimo zima, kisha watu wanaolichimba na mgawo wao wa mawe. Mtu anasema “niko kwenye duara la fulani” na amekutajia mwajiri wake, kundi lake na matumaini yake kwa pamoja. Karasha ni mashine ya kusagia mawe, na neno limetokana na Kiingereza kwa njia ya sikio, likapewa irabu mwishoni kama ilivyo haki yake. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na unaoweza kuoshwa tena. Ni nomino nzuri yenye uchumi ndani yake: taka ya mmoja ni mtaji wa mwingine. Mwalo, neno ambalo mvuvi wa Ziwa Viktoria analijua kuwa ni mahali pa kutia mitumbwi, limekuwa mahali pa kuchenjulia dhahabu. Maana imepanuka, lakini maji yamebaki.

Neno lenye ubishi ni rashi. Habari zikienea kwamba mahali fulani pametoka dhahabu, watu humiminika huko kwa siku chache, na hiyo ndiyo rashi. Serikali inapendelea mfumuko wa madini. Maneno haya mawili hayasemi kitu kimoja, ingawa kamusi zinaweza kuyaweka pamoja. Mfumuko ni tukio la ardhi: madini yanafumuka. Rashi ni tukio la watu: wao ndio wanaokimbia. Anayesimamia mfumuko atafikiria leseni na mrabaha. Anayesimamia rashi atafikiria vyoo, maji na kipindupindu.

Maneno haya ya kazi yanaingia pia katika makazi. Karasha husikika hadi nyumbani, na jirani humwelekeza mgeni kwa kutumia karasha kama mwingine anavyotumia msikiti au shule. Nyumba nazo zina historia inayofuata sarufi ya kudumu: kwanza turubai, kisha kibanda cha miti na udongo, kisha tofali za kuchoma na bati. Kitenzi hubadilika pamoja na ukuta. Mtu wa turubai amefikia. Mtu wa kibanda anakaa. Mwenye tofali amejenga, na Mtanzania akisema “nimejenga” haongelei ukuta tu.

Miaka saba na miaka tisini na tisa

Hapa ndipo sheria inaporudi. Leseni ya uchimbaji mdogo, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Hati ya kumiliki kiwanja kilichopimwa mjini, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inaweza kufika miaka 99. Tarakimu hizi mbili zinaeleza kambi na mtaa kuliko fasili yoyote ya kamusi. Anayechimba ana karatasi ya miaka 7, na familia yake inaishi juu ya ardhi ambayo mara nyingi haina karatasi kabisa. Ardhi hiyo ikikutwa na mwamba wenye dhahabu, swali la kwanza ni kama wanaoishi juu yake ni wakaazi au wako kambini tu. Jibu la swali hilo hukadiriwa kwa shilingi za fidia.

Kila zama zimeileta jamii hii jina lake. Wakoloni waliita kambi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilitaka kila makazi ya mashambani yawe kijiji, na neno kijiji lilikuja na jembe mkononi, kana kwamba mchimbaji ni mkulima aliyepotea. TANU ilileta balozi wa nyumba kumi, na neno lililokuwa la mjumbe wa sultani likashuka hadi kwa jirani anayejua nani amelala kwa nani. Mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992 ulimwacha balozi huyo ndani ya chama, na mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa akashika kazi ya serikali. Katika mazungumzo, hata hivyo, balozi bado anatajwa, maana kuna mambo ambayo mwenyekiti hayajui na balozi anayajua.

Barabara ya lami kutoka Chunya hadi Makongolosi, ya takriban kilomita 39, imebadilisha hesabu. Soko la madini lililofunguliwa Chunya mwaka 2019 limewapa wauzaji wa dhahabu bei inayojulikana. Kisha mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchini kote, na kila nyumba ilitakiwa ipate namba na kila barabara jina. Zoezi hilo halijapata mwanaisimu wa kulitazama inavyostahili. Kwa mara ya kwanza njia ambazo hazikuwa na jina lolote la maandishi zilitakiwa zipewe jina kwa muda wa wiki chache. Katika hali kama hiyo karani huuliza, na aliyepo ndiye hujibu. Jina linalotajwa siku hiyo linakuwa la kibao, na lile lililotumiwa na waliokuwa machimboni siku hiyo linabaki mdomoni, kisha linapotea.

Wanafunzi wa isimu waliomo ukumbini wanaweza kuifanya kazi hii, na haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, miguu, na adabu ya kuamkia kabla ya kuuliza. Kusanya jina la kila njia kama linavyotajwa na wenye duara, na kinamama wa genge, na waendesha bodaboda, na wazee. Uliza jina la zamani. Uliza nani aliyelileta. Orodha ya vibao utaipata ofisini, na tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo data.

Kipimo kimoja zaidi kinastahili kuingizwa katika dodoso, na kinahusu neno kwetu. Mchimbaji wa kizazi cha kwanza akisema kwetu alimaanisha Tukuyu, Vwawa au Shinyanga, na alipokufa majirani walichanga nauli ya maiti. Daftari la msiba lilikuwa daftari la safari. Pale ambapo watu wameanza kuzikana karibu, daftari hilo hilo hubadilika: michango inakwenda kwenye sanda, saruji na chakula cha waombolezaji, na safu ya nauli inabaki tupu. Mtafiti na aombe kuonyeshwa madaftari hayo, ya zamani na ya sasa, na atazame mwaka ambao safu ile ilianza kuachwa wazi.